Usiuchue Mguu wa Wayua

Wayua alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakujua kutembea. Alijua kukimbia. Akitumwa dukani alikimbia. Akipeleka mbuzi malishoni, alikimbia mbele ya mbuzi. Shamba lao la Kalama liko kwenye mteremko, na limekatwa matuta kama ngazi. Watu wengine walishuka kwa njia ya pembeni. Wayua aliruka kutoka tuta hadi tuta, galoni tupu mkononi.

"Wewe! Kuna njia hapo!" mama yake, Kalondu, alimpigia kelele kila asubuhi.

"Nimeshafika, mwaitu!" Wayua alijibu akiwa chini kabisa. Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

Shuleni alicheza mpira wa mikono. Mwezi wa sita timu yao ilishinda kaunti nzima. Katika fainali Wayua peke yake alifunga mabao tisa.

Jumapili iliyofuata baba yake, Urbanus, alimsimamisha mbele ya kanisa.

"Mnamwona huyu?" alisema. "Wiki ijayo, Ijumaa, wanacheza mashindano ya kanda. Mimi naahidi hapa mbele ya madhabahu. Kombe linakuja Kalama!"

Watu walipiga makofi. Wazee wa kanisa walisema watachinja mbuzi siku ya kombe. Kalondu aliangalia chini. Hakupenda ahadi ile.

Jumanne timu ilifanya mazoezi. Uwanja wao ni wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, na mvua ilikuwa imechimba mtaro katikati. Wayua aliruka juu kurusha mpira. Alipotua, mguu wa kulia uliingia kwenye mtaro na kupinda. Alisikia kitu kikilia, ka!

Mwalimu Ndunda, kocha wao, alikuwa upande wa pili na kipa. Alikuja, akaona msichana analia, akawaambia wenzake wawili wamsindikize nyumbani. Walifika wakiwa wamembeba begani.

"Nani amekuangusha?" Urbanus aliuliza.

"Hakuna. Nilitua kwa mtaro. Baba, kitu kimelia ndani."

"Ni mshipa umeruka. Susu yako ataurudisha sasa hivi."

Susu ni bibi. Susu Kaluki, mama yake Urbanus, aliishi katika boma hilohilo. Kwa miaka arobaini alikuwa amechua watu wa Kalama. Alichua migongo ya wanaume wa machimbo ya mawe. Alichua shingo za akina mama waliobeba kuni. Wengi walipona, na walimletea unga na kuku. Hakuwa mwongo. Alijua kazi yake, kwa misuli.

Kalondu alichemsha maji ya chumvi. Susu akapaka mafuta ya mbuzi, akaweka kidole gumba kwenye kifundo, akabonyeza kwa nguvu zote.

Wayua alipiga yowe.

"Mshike mabega!" Susu alisema. Urbanus akamshika.

"Mchezaji halii," alimwambia. "Wale wa kanda watakuonaje?"

"Baba, inauma! Susu, acha! Inauma kwa mfupa!"

"Mfupa unaujua wewe?" Susu alicheka. "Lala hapo."

Jioni mwalimu Ndunda alipiga simu. Urbanus alisogea nayo pembeni.

"Msichana anaendeleaje, mzee?"

"Yuko sawa kabisa, mwalimu. Amejigonga tu. Usimtoe kwa timu."

Jumatano Susu alichua tena. Alhamisi akachua mara ya tatu. Kifundo kilivimba kama kiazi kikubwa. Ngozi iligeuka rangi ya damu ya mzee. Wayua hakukanyaga chini. Alikwenda chooni akiruka kwa mguu mmoja, akishika ukuta.

Ijumaa asubuhi Urbanus alirudi kutoka dukani na vidonge vya maumivu.

"Meza viwili," alisema. "Halafu toka nje tuone ukiruka. Bado wiki moja."

"Siwezi, baba."

"Hata hujajaribu!"

Wayua alimeza. Alisimama uani. Akaweka mguu wa kulia chini, akahamisha uzito. Mguu ulikataa. Alianguka kwa magoti kwenye changarawe.

"Unaigiza!" Urbanus alifoka. "Umeogopa kanda! Unataka mimi nichekwe kanisani?"

Kalondu alikuwa akipepeta maharagwe. Alitupa ungo chini. Maharagwe yakamwagika uani mote, kuku wakakimbilia.

"Siku tatu!" alisema. "Siku tatu mtoto analia, wewe unamwambia anaigiza! Hiyo ahadi uliitoa kwa mdomo wako, Baba Wayua. Kwa nini ailipe kwa mguu wake?"

"Mama Wayua, punguza sauti. Majirani wanasikia."

"Wasikie! Juzi ulitaka wakusikie kanisani. Leo wanisikie mimi!"

"Wewe si ndiye ulichemsha maji?"

Neno lile lilimpata Kalondu.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Nilisikia mtoto akisema ni mfupa, na bado nikachemsha maji. Sikukasirikii wewe peke yako. Najikasirikia na mimi mwenyewe."

Wakati huo Loise alikuwa mlangoni pa boma. Loise ni jirani yao. Pia ni mhudumu wa afya ya jamii. Kila mwezi hutembelea nyumba za kijiji kile na begi lake, akiuliza habari za wagonjwa na watoto. Alikuwa amesikia kelele tangu barabarani.

"Hodi hapa," alisema taratibu. "Nimekuja wakati mbaya?"

"Umechelewa siku tatu," Kalondu alijibu. "Ingia."

Loise hakuuliza nani ana makosa. Alipiga magoti chini mbele ya Wayua.

"Niambie wewe mwenyewe. Ilikuwaje?"

Wayua alimwangalia baba yake, kisha akamwangalia Loise. Akaeleza yote. Alieleza mtaro, na ule mlio wa ka.

"Tangu siku hiyo umewahi kutembea hatua nne?"

"Hata moja."

Loise aligusa vidole vya mguu. Aliuliza kama anahisi. Kisha akagusa mfupa wa kifundo polepole sana, kwa ncha ya kidole. Wayua aliruka kwa maumivu.

"Huyu anaenda hospitali leo," Loise alisema. "Asichuliwe tena."

Susu Kaluki alikuwa ametoka nyumbani kwake. "Nani amesema asichuliwe?" aliuliza kwa ukali. "Mimi nimechua mpaka baba yako, Loise. Ulikuwa unatambaa."

"Ni kweli, susu. Na mgongo wake ulipona. Lakini huu si mgongo. Kaa, nikueleze."

"Nieleze nikiwa nimesimama."

"Sawa. Mfupa wa mtoto bado unakua. Karibu na mwisho wake kuna sehemu laini. Hapo ndipo mfupa unaongeza urefu. Kwetu sisi watu wazima imeshakuwa ngumu. Kwa mtoto, akianguka vibaya, hapo ndipo panapasuka kwanza. Ukibonyeza, unasukuma kile kilichopasuka. Maji ya moto nayo yanaongeza uvimbe."

"Na mshipa ulioruka?" Urbanus aliuliza.

"Mshipa haukuruka, Baba Wayua. Mwenye mguu aliwaambia ni mfupa. Na hivi vidonge mkononi mwako je, vya nini?"

"Acheze."

"Maumivu ni mlinzi. Ukimnyamazisha mlinzi, mwizi hajaondoka. Angeruka juu ya mfupa uliopasuka, bila kuhisi. Mguu ungeweza kukua umepinda, au ukawa mfupi kuliko mwenzake."

Urbanus alivirudisha vidonge mfukoni, kisha akavitoa tena, akampa Loise.

Loise aliomba katoni na leso mbili. Alikunja katoni pande zote mbili za mguu, kuanzia chini ya nyayo hadi karibu na goti. Akafunga kwa leso bila kukaza sana.

"Mnaona vidole? Viko na joto, vinacheza. Vikiwa baridi au vikifa ganzi, umekaza kupita kiasi. Legeza."

Walimpakia kwenye gari la Mike, jirani mwenye Probox. Mguu uliwekwa juu ya mto. Safari nzima hadi mjini Kalondu alikaa na kichwa cha binti yake pajani.

Hospitalini Wayua alipigwa picha ya eksirei. Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akawaonyesha mstari mwembamba karibu na kifundo.

"Mfupa umepasuka kwenye sehemu ya kukua," alisema. "Na umesogea kidogo. Nani aliuchua?"

Wayua ndiye aliyejibu, lakini hakumjibu daktari. Alimgeukia baba yake.

"Niliwaambia," alisema. Hakulia. "Siku ya kwanza niliwaambia. Ukanishika mabega."

Urbanus alitoka nje akasimama kwenye veranda, mikono nyuma. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Daktari," aliuliza, "atatembea?"

"Atatembea. Mungu amewasaidia hakuruka. Tutaunyoosha mfupa, kisha plasta wiki sita. Asikanyage. Plasta ikitoka, mazoezi ya kulegeza kifundo, polepole. Na mtamrudisha hapa mara kwa mara kwa mwaka mzima tuangalie kama mguu unakua sawa. Msikose hata siku moja."

"Na kanda?"

Urbanus mwenyewe akatikisa kichwa, kama mtu aliyejisikia akisema upuuzi.

Jumatatu Kalondu alifunga kitambaa kichwani akaenda shuleni. Mumewe alimfuata nyuma. Walimkuta mwalimu Ndunda uwanjani.

"Mwalimu, njoo uone huu mtaro," Kalondu alisema. "Watoto wetu wanaruka juu ya huu. Mtoto ameanguka, na wewe unamtuma nyumbani kwa mabega ya watoto wenzake. Hukumwangalia mguu. Ulikuwa unaangalia kombe, kama baba yake."

"Lakini nilipiga simu, mama. Niliambiwa yuko sawa."

"Nilikudanganya," Urbanus alisema. "Hilo ni langu. Lakini huu mtaro ni wako, mwalimu."

Mwalimu Ndunda alikasirika, uso ukamjaa. Alisema shule haina vifaa. Alisema wazazi huja kushangilia tu, hawaji kushika jembe. Walibishana hadi kengele ikalia. Hata hivyo, hakuna aliyesema uongo. Mwishowe mwalimu aliinama, akapima mtaro kwa mkono wake. Mkono ulizama hadi kwenye kifundo.

"Jumamosi," alisema. "Nileteeni wazazi wenye majembe."

Walikuja wazazi kumi na wanane. Walijaza mtaro, wakaokota mawe, wakasawazisha murram. Loise aliwaita kando wachezaji, wazazi na mwalimu. Susu Kaluki pia alikuja. Alikaa nyuma, uso umekunjwa.

"Mtoto akiumia kwenye mchezo," Loise alisema, "kwanza atoke. Asirudi siku hiyo, hata akisema amepona. Pili, muulizeni yeye, na mumwamini. Kisha kitambaa cha maji baridi. Hatuna barafu hapa, lakini maji ya mtungi yanatosha. Dakika kumi na tano, pumzika, rudia. Funga bandeji bila kukaza. Inua mguu juu ya mto. Usichue. Usimwagie maji ya moto."

"Na tutajuaje kama ni mfupa?" mzazi mmoja aliuliza.

"Kama hawezi kutembea hatua nne, nenda hospitali. Kama ukigusa mfupa anaruka, nenda. Mguu umepinda, au umekufa ganzi, usingoje kesho. Na aliyegongwa kichwa akatapika, au akazubaa, nenda mbio."

Susu Kaluki aliinua mkono.

"Sasa mimi nichue nini?" aliuliza. "Nikae tu?"

Watu walicheka. Loise hakucheka.

"Susu, mtu akija kwako ameanguka, mwambie atembee hatua nne mbele yako. Akishindwa, usimguse. Mtume kwangu. Watu wanakusikiliza wewe kuliko mimi."

Susu alifikiri. "Hatua nne," alisema. "Hiyo naweza kuhesabu."

Ijumaa, siku moja kabla, timu ilikuwa imekwenda kanda bila Wayua, ikashindwa mechi ya pili. Jumapili ile Urbanus alisimama kanisani. Alisema ahadi yake haikuwa ya kutolewa, na akaeleza sababu. Haikuwa rahisi. Wengine walinong'ona. Alimaliza, akaketi karibu na binti yake. Wayua hakumwangalia siku ile. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajamwomba baba yake amletee magongo yake ya kutembelea.

Plasta ilitoka baada ya wiki sita. Mguu ulikuwa mwembamba na mgumu. Kila asubuhi Wayua alichora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kama alivyofundishwa hospitalini. Alianza kutembea, kisha kutembea haraka, kisha kukimbia kidogo. Hakuruka hadi daktari aliporuhusu.

Muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata alicheza mechi yake ya kwanza. Ilikuwa na shule ya jirani, na wazazi walijaa pembeni. Alifunga mabao matatu. Kipindi cha pili mpinzani alimkanyaga mguu uleule. Wayua alisimama, akapiga hatua mbili akichechemea. Kisha akainua mkono.

"Inauma," alimwambia mwalimu Ndunda. "Nataka kutoka."

Mwalimu alimtoa bila swali. Zilikuwa zimebaki dakika sita, na timu yao ilikuwa nyuma kwa bao moja.

"Arudi!" mzazi mmoja alipaza sauti. "Amekanyagwa tu! Anadeka!"

Urbanus aliinuka. Alitembea hadi mbele ya mtu yule. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Amesema inauma," alisema. "Wewe mguu ni wako?"

"Mzee, ni utani tu."

"Nimekuuliza. Mguu ni wako?"

"Si wangu."

"Basi kaa chini."

Yule mtu alikaa. Urbanus alichota maji ya mtungi, akalowesha kitambaa, akachuchumaa mbele ya binti yake. Hakugusa mguu kwanza.

"Wapi?" aliuliza.

Wayua alimwonyesha. Ilikuwa juu ya vidole, mbali na kifundo. Alisimama akatembea hatua nne, halafu tano, halafu sita, bila kuchechemea sana. Baba yake alizihesabu kwa sauti. Kisha Wayua akakaa, akainua mguu juu ya goti la baba yake, naye akakiweka kile kitambaa baridi mahali penyewe.

Timu ilishindwa kwa bao moja. Baada ya siku nne Wayua alirudi mazoezini. Mwezi wa sita, mwaka ulipotimia, daktari alipima miguu yote miwili kwa futi ya kitambaa. Ilikuwa sawa.