Mpangaji wa Kisigino

Kidonda cha miezi na miezi kikianza kunukia marashi, hapo ujue kuna jambo. Lakini Bi Uzi, fundi cherehani, alifurahi. Bati lilimkata nyuma ya kisigino mpaka ule mshipa mnene wa kukanyagia ukachanika, kidonda kikabaki wazi. Hakiumi, hakitoi usaha, sasa hospitali ya nini? Alikwenda tu alipoona mguu haukanyagi tena pedali, na cherehani ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe.

Daktari wa upasuaji aliguna. Akakisafisha, akaunga mshipa, kisha akakata kipande cha nyama pajani, na ngozi na mishipa yake ya damu, akakishonea kisiginoni.

"Kiraka hiki kikishika, utatembea," alimwambia. "Kikifa, mama, mguu tutaukata."

"Fundi wa viraka naye katiwa kiraka!" alicheka wifi yake aliyekuwa akimuuguza.

"Nyamaza huko, mshono wenyewe umepinda," alijibu Bi Uzi, naye akacheka.

Kila saa muuguzi alikuja na kimashine chenye spika kusikiliza damu ikipita kwenye kiraka. Fyu, fyu, fyu. Siku moja, mchana kweupe, sauti ilibadilika. Muuguzi akashika mkono wa mgonjwa, akapima mapigo, akarudi kisiginoni.

"Mbona hayalingani?" alinong'ona.

Moyo wa Bi Uzi ulikuwa ukienda mbio, ila kisiginoni palipiga taratibu, pigo moja moja, kama mtu anayebisha hodi, na yale marashi yakapanda yakajaa wodi nzima mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kukohoa, na kiraka kikatuna, kikanywea, kikatuna tena, na kwenye spika ikasikika pumzi, kisha kucha zikikwaruza, kisha sauti nyembamba iliyosema, "Fungua."

Muuguzi alitoka mbio, kiatu kimoja akakiacha.

Saa ya kutazama wagonjwa, wifi alimleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani. Alitega sikio kisiginoni, akaliondoa haraka.

"Mmemfungia ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Kidonda kilikuwa nyumba yake, akiingia na kutoka atakavyo. Mmeziba mlango, na yeye yumo."

"Mtoe, mama, tafadhali!" wifi alilia.

"Kumtoa namtoa. Lakini atapita hapohapo palipozibwa. Kiraka hakitabaki."

Bi Uzi aliuona mguu wake ukiondoka, wanawe wakilala njaa. Aliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Basi akae," alisema.

"Wifi! Una wazimu?"

"Akae! Mguu wangu hautoki."

Kisiginoni pakatulia tuli. Mganga akachukua mkoba wake, akaenda zake bila kuaga.

Kiraka kikashika. Daktari akawaita wenzake waje waone. Bi Uzi akarudi kwenye pedali, akashona kwa raha, hata akasahau.

Mpaka asubuhi moja alipotoka kwenda kununua vifungo. Mguu mzima ulielekea dukani. Ule wenye kiraka uligeuka, ukashika njia asiyoijua, na mwenzake ukalazimika kufuata.

"Wifi, unakwenda wapi huko?" wifi aliita kutoka mlangoni.

"Sijui!" Bi Uzi alikuwa akilia. "Nishike, wifi, nishike!"

Wifi akamkimbilia, akamdaka kiuno, akajikita chini na kuvuta kwa nguvu zake zote. Wakaburutwa wote wawili.