Vikombe Sita vya Kinyozi

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku alifuatana na baba yake kwenda kufungua saluni. Baba alikuwa kinyozi. Kasuku, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alifuta kioo, akakunja taulo na kufagia nywele zilizoanguka. Kazi hiyo aliifanya huku akizungumza bila kupumzika, ndiyo maana nyumbani walimwita Kasuku. Mama yake alisema mtoto huyo alizaliwa akiuliza swali.

Wateja walimpenda baba kwa mkono wake mwepesi. Kila aliyeketi kitini aliagiza kahawa kwa muuzaji wa jirani, kikombe chake na kikombe cha kinyozi. Kando ya mashine za kunyolea palikuwa na bakuli la karanga zenye chumvi nyingi, nazo baba alizitafuna kutwa. Chakula chenyewe hakukigusa mpaka saa nane mchana.

"Kinyozi akishiba husinzia," alisema. "Na wewe, usimwambie mama yako habari za kahawa. Ananisumbua sana."

"Sawa, baba," Kasuku alijibu.

Kwa miezi kadhaa baba alikuwa akishikwa na kizunguzungu. Sikio la kushoto lilivuma kama birika linalochemka, kisha chumba kizima kikazunguka. Mwanzoni alifanya mzaha. "Leo sakafu inataka kucheza ngoma," alisema, huku ameshikilia mgongo wa kiti.

Siku moja alikuwa akimnyoa ndevu mwalimu mmoja mstaafu. Ghafla mkono ukayumba, wembe ukamkwaruza mzee nyuma ya sikio. Damu ilitoka kidogo tu.

"Nisamehe sana, mzee wangu!" baba alisema.

"Si kitu, mwanangu," mwalimu alijibu. "Ila sikio hili bado nalihitaji. Mke wangu ana mengi ya kuniambia."

Watu wote wakacheka isipokuwa baba. Aliufungia wembe kwenye droo, na tangu siku hiyo aliyetaka kunyolewa ndevu aliambiwa atafute kwingine.

Mama hakukubali tena visingizio. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo akamwambia Kasuku amsindikize baba zahanati, asije akaanguka njiani. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimpima baba presha, akachunguza masikio yake na kuagiza apimwe damu.

"Unakunywa chai au kahawa?" aliuliza.

"Kidogo tu, daktari. Kikombe kimoja asubuhi. Na chakula nakula vizuri."

Kasuku alifungua mdomo. Baba akamtupia jicho, naye akaufunga. Angemwaibishaje mzazi wake mbele ya mtu?

Majibu yangetoka baada ya wiki mbili. Kabla hazijaisha, baba aliketi chini ghafla katikati ya saluni, mashine ikinguruma mkononi na mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Kasuku alimshika bega mpaka chumba kilipotulia. Je, kama baba angekuwa anavuka barabara?

Waliporudi zahanati, daktari aliyasoma majibu mara mbili. "Damu ni nzuri. Presha ni nzuri. Unakula vizuri, kahawa ni kikombe kimoja. Sijui niseme nini."

"Si kimoja, daktari!" Kasuku alijikuta amesema. "Ni sita. Siku nyingine saba. Na anakula karanga za chumvi, na chakula hali mpaka saa nane." Machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, baba. Naogopa utaanguka."

Baba aliinamisha kichwa, akajikuna kidevu. "Anasema kweli," alisema kwa sauti ndogo.

Daktari hakumgombeza. "Sasa tunaweza kusaidiana," alisema. "Ndani kabisa ya sikio mna majimaji yanayotusaidia kusimama wima. Kwa mtu mwenye tatizo la sikio kama lako, chumvi nyingi na kafeini ya kahawa huweza kuyachochea mambo. Njaa nayo humtia mtu kizunguzungu. Si kila kizunguzungu hutokana na hayo, kwa hiyo nitakuandikia pia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa masikio. Lakini anza leo. Kahawa usiiache yote kwa siku moja, kichwa kitakuuma. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Kunywa maji, na ule kwa wakati."

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza baba alikuwa na kichwa kizito na hasira za karibu. Muuza kahawa alimtania, "Jirani, umenihama?" Mama alimfungia mkate, mayai na matunda, na Kasuku akahakikisha vimeliwa saa nne kamili. Karanga zikawa za kukaanga bila chumvi. Baba alilalamika kwamba zina ladha ya vifungo vya shati, lakini alizila.

Mtaalamu alisema tatizo ni la sikio kweli, akamtaka aendelee vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili kizunguzungu kilikuwa kinakuja kwa nadra, na kilipokuja kilipita upesi. Wenye ndevu walianza kurudi mmoja mmoja.

Jioni moja, walipokuwa wakifunga mlango wa saluni, Kasuku aliuliza, "Baba, siku ile nilipokusema kwa daktari, ulinikasirikia?"

"Nilijikasirikia mimi," baba alijibu. "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi niliyaficha, tena nikakufunza na wewe kuficha. Daktari haoni ndani ya tumbo la mtu, mwanangu. Anatibu kile anachoambiwa; ukimpa uongo, atautibu uongo na ugonjwa utabaki." Alimshika mkono wavuke barabara. "Mzazi anaheshimiwa, ndiyo. Lakini ukimwona anaelekea shimoni, kumnyamazia si heshima. Mwite, hata kama atanuna."