Bibi Aliyebaki Ndani ya Mashine

Haya yalimkuta jirani yetu, muuguzi wa wodi ya wanawake, mtu asiyeamini mizimu wala asiyejua kunyamaza. Mama yake mzazi alilazwa wodini kwake, kitanda cha dirishani, homa imemlegeza.

Siku hizo damu ilitolewa na mashine mpya ya magurudumu. Inajisogeza yenyewe hadi kitandani, inatafuta mshipa, inachoma, inapima hapo hapo. Mgonjwa akitoka, muuguzi anafuta jina lake kwenye kioo cha mashine. Lakini bibi aliyefia kwenye kitanda kile kabla ya mama hakufutwa. Kila muuguzi aliona ni nuksi kumfuta marehemu kwa kidole chake, akamwachia mwenzake. Hata jirani yetu, pamoja na mdomo wake wote, alikwepa.

Mashine ikaja, ikachoma mkono wa mama. Jina lililowaka kwenye kioo lilikuwa la yule bibi.

Ikawa hivyo kila mchana, na mama akazidi kudhoofika. Midomo ikampauka.

"Mwanangu," alinong'ona, "huyu bibi anayekuja na mashine, mbona mikono yake ni ya baridi hivi?"

"Bibi gani, mama?"

"Anayesema kitanda ni chake."

Jirani yetu akageuka. Mashine ilikuwa inakuja. Ilikuwa imezimwa na kuchomolewa tangu asubuhi, waya wake wa umeme unaburuzika sakafuni. Sindano ikatoka.

Akasimama katikati ya mashine na kitanda.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Pole kwa yaliyokupata. Ila huyu ni mama yangu. Simtoi."

Sindano ikamchoma yeye, ndani ya kiwiko. Kitu cha baridi kikamshika mkono. Vidole. Hakujitoa. Kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe cha kufuta jina. Kioo kikagoma. Akabonyeza tena.

"Nimekuchelewesha, najua. Sasa nenda ukapumzike!"

Kioo kikazima. Vidole vikaachia.

Mama alipona, na sasa anamkaripia binti yake kwa kuzidisha chumvi kwenye mboga. Mashine nayo inafanya kazi vizuri tu. Ila kila mchana, saa ya kutoa damu ikifika, tone moja humtoka jirani yetu ndani ya kiwiko, na ngozi ni nzima kabisa. Analifuta kwa pamba, kisha anasema kwa sauti, wodi nzima isikie:

"Hilo hilo ndilo lako, bibi. Kumgusa mama yangu tena? Thubutu!"