Nyawawa Saba

"Usigonge kigingi, Ta Rutashobya. Utanifukuzia ndege wangu."

Kwa neno hilo la mwalimu Adventina safari iliharibika. Rutashobya, mpiga kasia wa Kimwani, alikiweka chini kigingi cha kutia nanga, akaufunga mtumbwi kwenye mafunjo ya kisiwa cha mizizi kinachoelea, nao wakapanda juu yake. Miaka kumi na miwili, kila likizo, Adventina alikuja hifadhini kumtafuta korongo nyangumi, ndege adimu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Hata unyoya wake hakuwahi kuuona.

Alasiri dhoruba ikashuka. Kisiwa kiling'oka, kikazunguka na kukokotwa na upepo, mtumbwi ukifuata nyuma. Upepo ulipochoka, ukungu ulikuwa umemeza kila kitu, na Rutashobya alikuwa amekanyaga kisiki cha funjo kikampasua unyayo. Adventina aliufunga kwa kitenge chake. Damu ikapenya. Akamkokota hadi mtumbwini, akashika pondo.

"Nchi kavu iko wapi?"

"Sijui, Ma. Jua silioni." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Ila tusikawie."

Akampa kahawa ya kutafuna, akasukuma taratibu. Maji hayakuwa na sauti. Mafunjo yalikuja na kupita, yaleyale, hata akahisi anaota.

Ndipo ukungu ukafunguka kidogo, na hatua kumi mbele alisimama korongo nyangumi, mrefu, wa kijivu, akimtazama. Adventina akasahau damu, Mungu amsamehe. Mkono ukaenda kwenye begi la kamera.

Nyuma ya Adventina, angani, zikapita kelele: haa! haa-haa! Akageuka, akawaona saba: nyawawa, wale ndege wanaomwamsha kila asubuhi migombani kwake Izigo, ambao hajawahi kupoteza wino kuwaandika kwenye daftari lake la ndege. Mazoea yana tabu. Jioni nyawawa hurudi kulala kwenye miti mikubwa, na miti hiyo iko nchi kavu tu. Sauti ilikuwa tayari inafifia.

Akaliacha begi. Akageuza mtumbwi, akampa mgongo ndege wa maisha yake, akasukuma kuifuata sauti huku analia.

Askari wa hifadhi waliwapokea ufukweni giza likianza kuingia. Zahanatini, unyayo uliposhonwa, Rutashobya aliuliza, "Korongo umemwandika?"

Akamfungulia daftari. Ukurasa ulikuwa na mstari mmoja: Nyawawa, saba.

"Hawa wapiga kelele?"

"Hawa hawa, Ta. Korongo nilimwona tu."