Mgongo wa Mama Vikombe

Kikombe kimoja kilikuwa cha moto.

Mama Vikombe alikigusa asubuhi alipofungua chumba chake cha hijama, alimoumika watu, akakirudisha upesi kwenye trei. Vingine vyote vilikuwa baridi, vimelala kifudifudi juu ya kitambaa cheupe kama alivyoviacha. Akajiambia ni jua la dirishani. Dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani, lakini mtu anayeishi peke yake hujidanganya bila aibu, maana hakuna wa kumcheka.

Kwenye kazi hakuwa na mchezo. Hakurudia wembe, hakugusa mgongo wa mtu bila glovu, na mwenye upungufu wa damu alimrudisha nyumbani hata akilia. Zaidi ya yote alishika kanuni aliyofundishwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe: mgonjwa asiposema "Anza," humgusi, akisema "Basi," unaacha papo hapo, hata kama kikombe ndiyo kwanza kimeshika ngozi.

Shida ya kazi hii ni kwamba uwe hodari namna gani, mgongo wako mwenyewe huufikii. Wa kwake aliufikia mumewe, seremala aliyepoteza kidole kidogo kwenye msumeno. Wifi alimfundisha naye, ili mke asikose wa kumhudumia. Mumewe alimlaza kwenye kitanda cha wagonjwa, akimtania kwamba mgongo wake una vifundo kama mbao za bei chee, na kila baada ya kikombe aliuliza, "Nimekuumiza?" Tangu azikwe, hakuna aliyemgusa Mama Vikombe ila kwa kupeana mkono.

Na jana yake, wagonjwa wameisha na mvua imewafungia watu majumbani, alikuwa amejilaza kifudifudi kwenye kitanda kile apumzike. Ulimi ukateleza kwa mazoea: "Anza, bwana." Kisha usingizi ukamchukua.

Sasa alikwenda kwenye kioo, akainua blauzi, akageuza shingo. Katikati ya mabega, pale ambapo mkono hauendi, palikuwa na duara jekundu. Alipaswa kupiga kelele. Badala yake alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha.

Akajilaza tena mchana ule, na michana iliyofuata. Kwanza ilikuja harufu ya mbao zilizorandwa, kisha mlio wa kikombe kugusa kikombe, kisha kiganja cha moto shingoni na pumzi iliyouliza, "Nimekuumiza?" Naye alijibu hapana, hata siku alipohisi vidole vikimtambaa akaanza kuvihesabu bila kutaka, hiki na hiki, na kile kidogo ambacho msumeno ulikichukua, na kingine baada yake, na kingine tena, na chini ya harufu ya mbao ikapanda harufu ya damu iliyolala, akabana macho akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, hujaniumiza."

Wifi alipokuja kumtembelea alishtuka mlangoni.

"Wifi, mbona umepauka hivyo? Hebu nione kucha." Kucha zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akamfunua mgongo. Maduara yalikuwa yamepandana, hapakubaki pa kuweka kidole. "Nani anakuumika?"

"Nilisema 'anza'," Mama Vikombe akanong'ona. "Chumba kilikuwa kitupu."

Wifi akaketi kitandani. "Hilo ni jini, si kaka yangu. Na ruhusa umempa wewe, mimi siwezi kumtoa. Mwambie 'basi'. Usipomwambia atakumaliza damu, mwezi huu hutaumaliza."

"Nikimwambia 'basi', wifi, nani atanigusa tena?"

Wifi alimlaza, akajibanza ukutani akisoma dua kwa mnong'ono. Harufu ikaja. Vikombe vikaanza kutetemeka kwenye trei.

"Nimekuumiza?"

Mama Vikombe alishika kingo za kitanda mpaka dua za wifi zikaanza kukatika.

"Ndiyo," akasema, machozi yakilowesha shuka. "Basi."

Vikombe vyote vikapinduka kwa mpigo mmoja, midomo juu, na chumba kikawa baridi.

Wifi alikaa naye mpaka kucha zikapata rangi, kisha akarudi kwa wajukuu zake. Alipopiga simu kumjulia hali, Mama Vikombe alimjibu, "Salama tu, wifi." Na kweli alikuwa salama. Wagonjwa walikuja, wakasema anza, wakasema basi, wakavaa mashati yao wakarudi kwa watu wao. Yeye alikula amesimama jikoni, na redio ikizungumza peke yake.

Mvua ilipofungia tena watu majumbani, alifunga mlango baada ya mgonjwa wa mwisho. Akavua glovu, akavua blauzi, akalala kifudifudi. Akageuzia uso ukutani, asije akaiona ile mikono.

"Anza," akasema.