Jiwe la Gurudumu la Pili

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare zake na kufagia ua, Tayari alimsaidia shangazi yake kuosha gari la mikate. Jina lake halisi lilibaki shuleni tu. Nyumbani hata bibi alikuwa akilisahau. Huyu alikuwa msichana wa darasa la sita, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Hujamaliza kumtuma, keshajibu, "Tayari." Umefunga banda la kuku? Tayari, na kuku wako jikoni wanadonoa unga. Watu walicheka, naye akacheka nao, na jina likamganda.

Jumamosi hiyo gari halikuoshwa. Jana yake shangazi alikuwa amelisimamisha mbele ya duka lililo kwenye mteremko, akavuta breki ya mkono, akashuka kupeleka mikate, ndipo akasikia kitu kimefyatuka chini. Waya ulikuwa umekatika. Gari likaanza kuondoka polepole, na shangazi, mwili wake wote ule na kreti ya mikate kifuani, akalikimbilia na kulirukia kama kijana. Aliposimulia, bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Shangazi hakucheka. Alisema gari lisilo na breki ya mkono ni ng'ombe asiye na kamba, na hatalipeleka tena barabarani hivyo.

Waya mpya alikuwa ameshaununua. Kazi yenyewe aliijua, maana marehemu baba yake alikuwa fundi wa magari, naye alikua akimshikia spana. Akaliegesha gari uani, pua ikielekea getini, ambako ardhi iliteremka kidogo. Kisha akamwita Tayari na kumweleza taratibu, kidole hewani.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikishayainua, hata gia haitalishika. Kitakacholishika ni mawe tu. Weka jiwe zito mbele ya gurudumu hili la mbele, na jingine mbele ya lile la upande wa ukuta. Yapige teke mpaka yabane. Umenielewa?"

Tayari alikuwa ameelewa. Jiwe la kwanza alilibiringisha, akalipiga teke, likabana. Alipozunguka upande wa pili alikuta nafasi finyu kati ya gari na ukuta, na humo ndimo maji ya bafuni yalimopita. Tope lilikuwa jeusi na lilinuka. Akaziangalia raba zake, nyeupe pepepe, alizozisugua jana yake kwa mswaki mkuukuu. Akajiambia kwamba jiwe moja lile ni kubwa, linatosha, na kwamba hilo la pili atalileta baadaye akishabadilisha viatu.

"Mawe vipi?" shangazi aliuliza, jeki mkononi.

"Tayari, shangazi."

Shangazi akaliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi mbili za chuma, akavua magurudumu ya nyuma, kisha akatoa ngoma za breki, vile vifuniko vya chuma vya mviringo, na kuufungua waya huko. Alimweka Tayari kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, amlegezee mkono wa breki kila atakapoambiwa. Akamkataza kushuka wala kujitikisa, kwa sababu gari lililo juu ya stendi halitaki michezo. Halafu akatandika gunia, akalala chali na kuingia chini ya gari. Miguu yake tu ndiyo ilibaki nje.

Waya wa zamani uling'ang'ania. Ulikuwa umeshika kutu ndani ya kishikizo chake, na kila shangazi alipouvuta, gari zima lilitikisika. Chini kule alikuwa akiusemesha ule waya kama mtu aliyegombana naye miaka mingi. Bibi, aliyekuwa akichagua maharage kwenye kivuli cha nyumba, akamwambia amwage mafuta kidogo na apumzike. Shangazi akajibu kwamba bado kidogo tu.

Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Tayari akasikia mkwaruzo mdogo. Akachungulia chini kupitia mlangoni. Lile jiwe lilikuwa limesogea. Nyuma yake kulikuwa na mstari mpya kwenye mchanga, mrefu kama kidole.

Akajisemea kwamba huenda mstari huo ulikuwepo tangu mwanzo, akijua wazi kuwa haukuwepo. Akafikiria kushuka kimyakimya, alete jiwe la pili, mambo yaishe bila mtu kujua. Lakini kushuka kungelitikisa gari. Na kusema, je? Shangazi angejua kwamba amedanganywa kuhusu jambo alilolieleza kidole hewani, kwa sababu ya raba. Akaona aibu, na akaiogopa aibu hiyo kuliko viboko.

"Navuta mara ya mwisho," shangazi alisema kule chini. "Ukikataa, wallahi nakukata kwa msumeno."

"Usivute," Tayari alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akarudia. "Shangazi, usivute. Toka chini ya gari. Upande wa ukuta sikuweka jiwe. Nilidanganya. Na hili moja limesogea."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya maharage. Kisha ile miguu miwili ikaanza kurudi nyuma polepole, kisigino kimoja baada ya kingine, na gunia likijikunja chini yake. Ilionekana kama haitaisha kutoka. Mwishowe shangazi akatokea kichwa, uso umejaa kutu, akasimama. Akamwita Tayari ashuke taratibu bila kugusa mlango.

Alipokuwa ameshuka na kusogea pembeni, shangazi alinyoosha mkono kulipima gari kama limetulia. Alilisukuma kwa kiganja tu. Jiwe likateleza, stendi zikainama zikaanguka, na sehemu ya nyuma ya gari ikashuka kwa kishindo juu ya lile gunia.

Shangazi aliketi palepale mchangani. Tayari alilia kwa sauti, naye shangazi alimvuta akamkumbatia, akampaka kutu shavuni.

Walipoanza upya, jua lilikuwa limeshapanda sana. Tayari alivua raba, akaingia topeni miguu mitupu na kubana jiwe kila upande wa kila gurudumu la mbele. Shangazi alikagua yote mwenyewe, akayapiga teke moja moja. Akaumwagia waya mafuta, akasubiri, ukatoka. Mpya ukaingia, ngoma zikarudi, magurudumu yakafungwa. Alasiri wakalipeleka gari kwenye mteremko wa nje ya geti. Shangazi akavuta breki ya mkono na kuachia ile ya mguu. Gari likatulia tuli.

Wakiwa bado garini, Tayari aliuliza kama bado amekasirika.

"Nimekasirika, tena sana," shangazi alisema. "Hata mimi nimejikasirikia. Anayelala chini ya gari ndiye wa kukagua mawe, na leo sikukagua. Lakini sikiliza. Uongo wako ungeniua, na ni mdomo huohuo ulionitoa. Ungengoja kidogo ukitafuta namna ya kujisitiri, saa hizi bibi yako angekuwa anamlilia mwanawe. Kosa likisemwa mapema ni kazi ya kurekebisha. Likifichwa, ni msiba."