Kijito Chenye Rangi ya Kutu

Dobi alikuwa na mikono ya kusifiwa. Shuka alizofua zilikuwa nyeupe pepepe. Lakini tangu mgodi uchimbe bwawa la maji machafu kule juu, kijito kiligeuka rangi ya kutu. Shuka zikatoka na madoa. Vidole vyake vikababuka. Binti yake akawa haishi kulalamika tumbo.

"Nayachemsha maji mpaka yanatokota," alimwambia jirani yake. "Nifanye nini tena?"

Jirani huyo alikuwa mstaafu wa maabara ya maji. Watu walimwita Mama Chupa.

"Shoga yangu, moto unaua vijidudu. Madini yenye sumu hayafi. Maji yanapungua, sumu inabaki sufuriani. Acheni kuyanywa na kuyapikia leo hii. Tekeni maji kisima cha shule, kiko upande wa juu wa mgodi na kimepimwa. Mtoto mpeleke zahanati. Kisha twende tukakipime kijito."

Mume wa Dobi, mchomeleaji wa mgodini, alishtuka alipoambiwa. "Unataka nifukuzwe kazi?"

"Kazi yako naiheshimu, baba watoto. Lakini tumbo la mwanangu si mali ya mgodi."

Kesho yake Dobi na Mama Chupa wakashuka kijitoni na chupa safi za maabara. Moja waliijaza juu ya pale bomba la mgodi linapomwaga maji kijitoni, nyingine chini yake. Kila chupa wakaiandika mahali, tarehe na saa. Mlinzi wa mgodi akaja mbio.

"Hapa hairuhusiwi!"

"Bomba ni lenu," Dobi alisema bila kuinuka. "Kijito ni cha nani?"

Mlinzi akarudi langoni.

Siku hiyohiyo chupa zikafika maabara ya serikali. Majibu yalipotoka, maji ya juu yalikuwa salama. Ya chini yalikuwa na madini ya risasi kupita kiasi. Majirani wakaandika malalamiko kwa mkaguzi wa mazingira, wakaambatanisha majibu yale.

Mkaguzi alipofika, ofisa wa mgodi alikana. "Bomba hilo ni la maji ya mvua tu."

Mume wa Dobi akajitokeza. "Nimelichomelea kwa mkono wangu. Linatoka bwawani."

Bomba likazibwa. Mgodi ukaamriwa kukarabati bwawa na kuwaletea watu maji safi. Binti akatibiwa, rangi ikamrudia usoni.

Baada ya miezi miwili ofisa alileta karatasi. "Tieni sahihi kwamba mambo yamekwisha."

Dobi aliisoma yote, akamrudishia. "Bomba limezibwa, sawa. Kijito hakijapona. Hatutii sahihi."

"Sasa mnataka nini?"

"Tutakipima kila mwezi. Na majibu tutayabandika langoni kwenu."

Mwezi uliofuata walishuka kijitoni wanawake kumi na saba, na mchomeleaji mmoja amewabebea chupa.